Dada Mkubwa, Mpima Sauti za Simu (1961–2024)

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Aprili 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi redio na mshona nguo. Kwa kuwa alitangulia, jina lake halisi lilisahaulika mapema. Nyumbani, mtaani na baadaye kazini, hata na watu waliomzidi umri, aliitwa Dada Mkubwa. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake wa mwisho, aliyemfuata kila alikokwenda, mpaka kazini. Mdogo wake huyo ana jambo ambalo amelimeza kwa miaka kumi na tatu. Linahusu jina jema la marehemu, na likizikwa naye leo, hakuna mwingine atakayelifukua. Anaomba avumiliwe.

Utotoni Dada Mkubwa alishinda chini ya meza ya baba, katika kibanda cha redio kilichokuwa mbele ya nyumba. Alipofikisha miaka minane, baba alikuwa akimwita asikilize redio ya mteja na kumuuliza inaumwa wapi. Naye aliinamisha kichwa, sikio la kushoto mbele, akasema spika imechanika, au waya umelegea huku nyuma. Mara nyingi alipatia. Wateja waliocheka mwanzoni walizoea, wakawa wanamuulizia yeye kwanza kabla ya baba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1968 hadi Novemba 1974, kisha sekondari hadi 1980. Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha ufundi wa simu, wasichana wakiwa wawili kati ya wanafunzi arobaini na mmoja. Mwenzake aliondoka muhula wa pili, naye akabaki na bweni zima peke yake, anachagua kitanda cha kulalia kama mtu anayechagua kanga. Wavulana walimtania kwamba amekuja kutafuta mume. Alimaliza wa kwanza mwaka 1984, na mume akampata kwingine kabisa.

Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1984 kwenye mitambo ya kampuni ya simu, na tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia. Posa yenyewe familia inaikumbuka. Mwalimu, baada ya kujipanga wiki nzima, alimpigia simu kutoka ofisi ya shule. Alipokaribia neno lenyewe, Dada Mkubwa akamkatiza: laini hii ina mwangwi, kata, nitamtuma fundi, upige kesho. Mwalimu akakata. Ilimchukua siku tisa kupata moyo wa kupiga tena, na mpaka leo anakiri kwamba safari hiyo laini ilikuwa safi kweli. Mungu aliwajalia binti mmoja na mwana mmoja.

Mwaka 2004 kampuni ilianza kuhamishia simu kwenye mtandao wa intaneti. Zamani watu wawili wakiongea walikuwa na njia yao peke yao mpaka wamalize. Sasa sauti inakatwa vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo vinapita njia moja na barua pepe, picha, sinema na porojo zote za dunia. Dada Mkubwa aliwaeleza shangazi zake sebuleni, kikombe mkononi, kwamba barua ikichelewa nusu sekunde hakuna anayejua, lakini sauti ikichelewa nusu sekunde watu wawili wanaanza kusema kwa pamoja, wananyamaza kwa pamoja, halafu wanagombana bila sababu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha sauti inapishwa. Alikabidhiwa idara ya ubora wa sauti, watu sita, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama matangi ya maji.

Sauti ya simu hupewa alama, kuanzia moja hadi tano. Tano, alikuwa akisema, ni mke na mume kwenye kochi moja, nao hawajanuniana. Yeye alidai nne. Alama zilitolewa na vipima, visanduku vidogo vilivyofungwa vituoni, ambavyo kutwa vilipigiana simu vyenyewe kwa vyenyewe na kuandika jinsi vilivyosikilizana. Lakini hakuvitegemea hivyo peke yake. Kila Ijumaa asubuhi alifunga mlango, akawapigia wateja ishirini, akawaomba wamsomee chochote kilicho mbele yao: gazeti, maelezo ya dawa, barua ya mwenye nyumba. Alisikiliza amefumba macho na kuandika alama daftarini. Kuna bibi mmoja aliyemsomea riwaya nzima, kurasa mbili kila Ijumaa, na ilipokwisha akapiga mwenyewe kuuliza waanze kitabu gani.

Mdogo wake aliingia idara hiyo mwaka 2006, kwa kushikwa mkono na dada yake. Alichojua, alifundishwa na yeye. Hatimaye alikabidhiwa vipima avitunze.

Machi 2011 vifaa vya njia kuu vilibadilishwa, na ikabidi kila aina ya mawasiliano ipangiwe upya kipaumbele, ili vifaa vijue cha kupisha ni kipi. Kazi hiyo alipewa mdogo wake. Alianza na simu za vipima, kwa kujaribu, akazipa kipaumbele cha kwanza. Simu za wateja zilikuwa zifuate mchana. Mchana akaitwa kikaoni, kesho yake kikao kingine, na za wateja hazikufuata. Zikabaki kwenye foleni moja na sinema za watu. Hilo lilikuwa kosa, na nani asiyekosea. Kilichofuata hakina utetezi huo.

Mwisho wa mwezi vipima viliandika nne nukta tatu, alama ambayo kampuni haikuwahi kuiona. Meneja mkuu alimsimamisha mdogo wake mbele ya wafanyakazi wote, wakampigia makofi. Wiki ya tatu ya Aprili, akipitia mipangilio, aligundua kilichotokea: vipima vilikuwa vinapita kama msafara wa mkubwa, na wateja wamesimamishwa pembeni. Kurekebisha kulihitaji dakika kumi. Lakini alama zingeshuka siku hiyo hiyo, na angeulizwa zilipandaje. Aliona haya kwa ajili ya yale makofi. Akafunga skrini, akaenda kunywa chai.

Daftari la Ijumaa likaanza kusema mengine. Bibi wa riwaya alikuwa akipotea katikati ya sentensi. Mwishoni mwa Mei, Dada Mkubwa alikuja kwenye meza ya mdogo wake, akaweka daftari kando ya taarifa ya mwezi.

"Mdogo wangu, vipima vyako viko sawa?"

"Viko sawa, dada."

"Una hakika? Maana mimi nasikia vingine."

"Dada, siku hizi masikio yako yanashindana na mashine?"

Alicheka kidogo, akasema huenda ni uzee, akatia sahihi taarifa palepale amesimama. Katika miaka ishirini na saba ya kazi, ndiyo mara pekee aliyoamini karatasi akaliacha sikio lake, na aliiamini kwa sababu ilitoka kwa ndugu yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Juma lililofuata alikwenda hospitali kupimwa masikio. Daktari akamwambia ni mazima kama ya msichana; hata hivyo hakumuuliza tena ndugu yake. Aliyempeleka kwa gari, na kumsubiri kwenye benchi akisoma gazeti, ni huyu mdogo wake.

Jioni ya tarehe 9 Agosti 2011, saa ambazo mtandao hujaa, muuguzi wa wodi ya wazazi alimpigia daktari wa upasuaji mara nne. Mara zote nne sauti ilifika vipandevipande; daktari alijua anaitwa, hakujua anaitiwa nini wala wapi. Ikabidi dereva atumwe kumfuata, na daktari akafika baada ya dakika hamsini. Mama na mtoto walipona. Walipona kwa bahati yao, si kwa jitihada ya mtu yeyote wa idara ile.

Kikao cha uchunguzi kilikaa tarehe 22 Agosti. Mitambo ilikuwa na neno la siri moja kwa watu wote sita, limeandikwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi, hivyo kumbukumbu hazikuonyesha ni nani aliyegusa nini. Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyevipa vipima kipaumbele na kuwaacha wateja. Dada Mkubwa alikuwa ameshajua. Alipitia mipangilio siku mbili kabla, na aliijua kazi ya mdogo wake popote, kwa kuwa ni yeye aliyemfundisha kuipanga. Alimgeukia, akamtazama bila hasira, akamngoja. Mdogo wake, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, mwenye mke na watoto, aliendelea kuitazama glasi ya maji.

"Sahihi iliyo chini ya taarifa ni yangu," Dada Mkubwa akasema. "Andikeni jina langu."

Wakaliandika. Tarehe 1 Septemba 2011 alihamishiwa kaunta ya malalamiko, ghorofa ya chini, karibu na ngazi. Februari iliyofuata kiti chake cha ghorofa ya tatu alipewa mdogo wake, kwa maelezo kwamba ndiye anayeijua mitambo. Akakikalia. Barua ya kupandishwa cheo ilipofika, dada yake alipanda ngazi kumpa mkono wa pongezi, akamwonyesha dirisha gani hukwama wakati wa mvua.

Habari zilifika kwenye familia jinsi zilivyofika: kwamba Dada Mkubwa alilewa cheo, akazembea. Kwenye sherehe ya mwaka 2013, baba mdogo alitania kwamba siku hizi simu ikikatika tunajua wa kumlaumu. Ukumbi ulicheka. Mdogo wake naye alicheka, na alicheka zaidi ya wengine. Marehemu alikuwa anagawa chai. Alimmiminia mdogo wake kikombe, akasogea kwa mtu wa pili. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Ni vigumu kueleza jinsi inavyokuwa kupendwa hivyo na mtu uliyemwangusha. Inafika mahali unamkwepa, unaanza kutafuta kasoro zake, na mdogo wake alizitafuta, aseme ukweli. Hakuzipata.

Pale kaunta alikaa karibu miaka kumi. Palikuwa na madirisha matatu, na foleni ndefu ilikuwa ya kwake, ingawa ndiyo iliyokwenda polepole, kwa sababu alimwacha kila mtu aseme mpaka amalize. Wapo waliokuja na malalamiko ya simu wakaishia kumweleza ya nyumbani. Alistaafu tarehe 14 Aprili 2021, siku aliyotimiza miaka sitini.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa miezi saba, na mumewe hakukosa wodini hata siku moja. Alasiri moja ya Septemba, mwalimu akiwa ametoka kununua maji, mdogo wake alimmenyea chungwa, akajikaza.

"Dada, ile habari ya vipima..."

"Mimi usiniambie," alisema. "Nilikuwepo."

Akala kipande kimoja cha chungwa, taratibu.

"Waambie ambao hawakuwepo."

Mdogo wake aliahidi kuwaambia Jumapili, familia ikikutana. Jumapili alizungumzia paa linalovuja. Jumapili ya pili, mitihani ya watoto. Ya tatu hakwenda kabisa. Dada yake hakumkumbusha, wala hakubadilika kwake. Akiingia wodini alisogezewa kiti kama kawaida. Dada Mkubwa alifariki dunia tarehe 3 Oktoba 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mumewe. Alikufa kabla ya ahadi ile kutimizwa, na hilo halitengenezeki tena.

Juzi familia ilipokaa kupanga ratiba ya mazishi, binti wa marehemu alimvuta mjomba wake kando. Alimwambia, kwa adabu, macho chini: "Mjomba, pale kwenye kazi upite harakaharaka. Tusimwaibishe mama siku yake ya mwisho." Mjomba aliitikia kwa kichwa, akatoka na rasimu mfukoni. Mtoto amekaa miaka kumi na tatu akimwonea mama yake aibu isiyokuwa yake, na aliyeitia aibu hiyo ndani ya nyumba ndiye aliyeombwa aifunike. Alikaa kwenye benchi la mpiga chapa mpaka duka likakaribia kufungwa, akaandika hiki mnachokisikia. Mpiga chapa alisoma, akamtazama, akamuuliza kama familia imekiona. Haijakiona. Inakisikia sasa, pamoja nanyi nyote. Jana saa tatu asubuhi, barua yenye maelezo haya haya, na ya kuacha kazi, ilipokelewa katika ofisi ya meneja mkuu.

Marehemu ameacha mume, ambaye kwa miaka kumi na tatu aliaminishwa kwamba mkewe alizembea; binti, mwana na wajukuu watatu; mdogo wake wa kike na wadogo zake wawili wa kiume; shangazi, baba wadogo, mashemeji, na wateja wengi wa dirisha la ngazini ambao baadhi yao wamesimama pale nyuma. Binti, uinue uso. Mama yako hakukosea popote ila kumwamini ndugu yake.

Dada Mkubwa apate pumziko la amani, na jina lake lirudi kwake likiwa safi. Aliyezembea, akadanganya, akanyamaza, ni mimi.