Mwalimu wa Farasi Katika Mji Usio na Farasi: Maisha ya Papa Sylvestre Bulaimu

Kwa huzuni kubwa, na kwa heshima yote inayostahili msiba huu, familia ya Bulaimu inawatangazia wakuu wa serikali, mapadre, maimamu, wachungaji, mama za soko, chama cha motari wanaobeba abiria kwa pikipiki, pamoja na farasi wote wa kusini mwa Maniema, kwamba mwalimu pekee wa kupanda farasi toka Lualaba mpaka Salamabila ametutoka. Mapadre na maimamu wamefika. Motari wamefika, na kelele zao zote. Farasi hawakufika, kwa kuwa hawapo, wala hakuna mtu hapa Kasongo anayekumbuka kuwaona. Jambo hilo dogo halikumzuia marehemu kufundisha kwa miaka kumi na moja.

Sylvestre Bulaimu alizaliwa tarehe 2 Februari 1961 katika kijiji cha jirani na Kabambare, mtoto wa tatu wa Mzee Musafiri, mkulima wa mpunga, na Mama Zaina. Nyumba yao ilifunga Ramadhani upande mmoja na Kwaresima upande wa pili, kwa hiyo mtoto mwenye njaa alipaswa kuijua kalenda vizuri. Alipokuwa na miaka sita alipanda beberu wa baba yake, akaangushwa ndani ya shimo la kulowekea mihogo. Mama yake alimtoa, akamchapa, akamwosha. Kabla nguo hazijakauka alikuwa amepanda tena. Beberu ndiye aliyekata tamaa kwanza.

Masomo ya msingi aliyafanya kwenye misheni ya Kabambare, mwaka 1967 hadi 1973, kisha akaja Kasongo kwa sekondari. Mwaka 1977, akiwa darasa la nne, baba yake alifariki naye akarudi shambani. Kwa kawaida katika karatasi kama hizi huandikwa kwamba marehemu “hakuendelea na masomo”, kana kwamba aligeuza kichwa tu akatazama pengine. Ukweli ni kwamba nyumba ilikuwa na midomo saba na jembe moja lenye mpini.

Tarehe 10 Juni 1983 alivuka Lualaba kwa mtumbwi, akapanda treni kituo cha Samba, na baada ya siku tisa akashuka Lubumbashi. Huko aliajiriwa kwenye klabu ya farasi kufagia mavi. Alifagia kwa miaka minane, akitazama. Oktoba 1991, mji ulipochafuka kwa uporaji, mwalimu mzungu alikwenda likizo ambayo hadi leo haijaisha. Asubuhi iliyofuata watoto wa wakubwa walifika na kofia zao, wakamkuta Bulaimu peke yake, ameshika ufagio. Aliuegemeza ukutani, akawaambia: “Mgongo wima. Mikono laini. Tazama mahali unapokwenda, usitazame mahali unapoogopa.” Akawa mwalimu. Hakuwa na farasi hata mmoja wake mwenyewe, wala banda, wala kofia.

Pale mlangoni mwa klabu, dada mmoja aliyeitwa Régina aliuza sombe ya majani ya mihogo na samaki. Alimwambia siku ya kwanza: “Weye unanuka farasi.” Naye akajibu: “Basi hautakuwa unauliza nimetoka wapi.” Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Agosti 1992. Mungu aliwajalia watoto watatu: Yves, Dieudonnée na Sarah-Grâce.

Klabu ilifungwa tarehe 30 Juni 2011. Farasi waliuzwa nje. Kwa shukrani ya miaka ishirini na minane marehemu alipewa mkono wa kwaheri na tandiko moja la ngozi, lililokuwa limekatika mkanda. Alirudi Kasongo na mke, watoto, magodoro mawili na tandiko. Wapakuzi kwenye kivuko walimuuliza mnyama wake anakuja lini. Alilitundika ukutani sebuleni, akashika jembe, na mji ukampa jina la Mwalimu Farasi. Halikuwa jina la heshima.

Sasa inafaa lisemwe jambo ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisirukwe. Mwanzoni mwa mwaka 2014 mtoto wake Yves, mwenye miaka ishirini, alimwomba amfundishe kuendesha pikipiki ili apeleke mchele kwa wachimbaji wa Salamabila.

“Mimi ni mwalimu wa farasi,” baba alisema. “Ile kitu ni bati inakunywa petroli. Haina roho. Kitu bila roho hakifundishwe.”

“Papa, si kukaa tu na kushika?”

“Kama ni kukaa na kushika, sasa unaniulizia nini?”

Yves alifundishwa na rafiki yake Dady, kwa mchana mmoja, nyuma ya soko. Tarehe 14 Machi 2014, kwenye mteremko kabla ya Salamabila, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, alibana breki ya mbele peke yake kwenye utelezi. Gunia la mchele lilikuwa nyuma yake. Baba alifika kesho yake. Kabla hajaenda kumwona mtoto, alichuchumaa barabarani akafuata alama ya gurudumu kwa kidole, toka ilipoanza mpaka ilipokwisha. Halafu akasema: “Hakuna aliyemwambia.” Kisha akaenda kumchukua mtoto, akamzika.

Siku ya arobaini alimwambia mke wake: “Nitaanza tena kufundisha. Na yule nitakayemfundisha, hata mmoja, hatazikwa mbele yangu.”

Mama Régina alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua macho. “Basi itabidi ufe mapema,” alisema.

Asubuhi iliyofuata marehemu alishusha tandiko ukutani, akalibeba begani, akaenda kwenye kituo cha motari. Hamadi, ambaye yuko hapa leo na anaweza kukanusha, ndiye aliyempokea. Mkono wake wa kushoto wakati ule ulikuwa ndani ya plasta.

“Papa, weye iko na pikipiki?”

“Hapana.”

“Iko na permi ya kuendesha?”

“Hapana.”

“Sasa iko na nini?”

“Iko na tandiko.”

Walicheka mpaka abiria wakashuka wapate kuona. Marehemu alingoja wamalize. Kisha akamuuliza Hamadi kama mkono unauma zaidi wakati wa mvua, na Hamadi akaacha kucheka.

Shule yenyewe ilikuwa gogo la muvule nyuma ya nyumba, lililochongwa kidogo na kufungwa tandiko juu yake. Mwanafunzi alikuja na pikipiki yake, au ya bosi wake, au ya shemeji. Lakini wiki ya kwanza hakuigusa. Alikaa juu ya gogo, ameshika kikombe cha maji, na mwalimu akamtikisa. Maji yakimwagika, kesho tena. Baada ya gogo, kila asubuhi mwanafunzi alipaswa kupangusa pikipiki yote kwa kitambaa, kuanzia kichwa mpaka mkia, akigusa mnyororo, breki na matairi, “kwa sababu mnyama anakuonyesha kidonda chake wakati unamusafisha.” Huyo ndiye mtu aliyesema bati halina roho. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha, isipokuwa mke wake, kila wiki.

Hamadi, mwanafunzi wa kwanza, aliwahi kuleta majani mabichi akayaweka mbele ya gogo. “Chakula cha mnyama, Mwalimu.”

“Asante,” marehemu alimjibu. “Yeye anakula kazi ikiisha. Panda.”

Afisa mmoja alikuja kukagua kama shule ina jengo, choo na bendera. Alionyeshwa gogo. Alilizunguka mara mbili, akaandika kwamba taasisi ina mnyama mmoja, wa mti, mwenye afya nzuri, akaondoka.

Mwanafunzi wa pili alikuwa binti yake Dieudonnée, akiwa na miaka kumi na tisa. Watu walisema mwanamke juu ya pikipiki ni aibu. Marehemu aliwaambia amekwisha kuzika mtoto ambaye hakuna aliyemwonea aibu juu ya pikipiki, sasa anajaribu njia nyingine. Dieudonnée alimwaga kikombe kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu hakumwaga, na kazi ya kubeba abiria ndiyo inayolisha nyumba hadi leo.

Kila aliyemaliza, mwalimu alichoma jina lake kwa msumari wa moto upande wa chini wa tandiko, mahali pasipoonekana. Hakutoa cheti. Mwanafunzi yeyote aliyechelewa kurudi toka Salamabila au Kabambare alimfanya marehemu akae barabarani juu ya kiti, ameelekea upande ule, wala hali chakula. Mama Régina alimtolea sahani mara moja, akairudisha ndani, akaila mwenyewe. Miaka kumi na moja alikaa hivyo. Wanafunzi walivunjika miguu, meno, kioo cha taa. Waliibiwa njiani na kupigwa. Wote walirudi.

Mwishoni mwa Machi mwaka huu aliitwa Kabambare kufundisha motari sita. Akiwa huko miguu ilivimba, na pumzi ikawa fupi. Muuguzi alisema moyo umechoka, apelekwe hospitali ya Kasongo haraka. Kwa barabara ile na mvua ile, gari lilikuwa neno la kwenye redio. Dieudonnée alitoka Kasongo peke yake, akafika Kabambare jioni, matope mpaka kwenye nyusi.

Jumatano tarehe 9 Aprili 2025, asubuhi mapema, marehemu alikalishwa nyuma ya binti yake, akafungwa mgongoni mwake kwa vitenge viwili kama mtoto mchanga. Nyuma yake alikaa Alimasi, mdogo wa marehemu, kumshikilia. Mgonjwa hakunyamaza.

“Bega.”

“Ndiyo, Papa.”

“Unatazama shimo. Ukilitazama, utaliingia.”

“Ndiyo, Papa.”

“Yaya, wacha mutoto aendeshe,” Alimasi alimwambia kaka yake. “Weye ni mugonjwa.”

“Mugonjwa ni moyo. Macho ni mazima.”

Kwenye kizuizi mtu mwenye bunduki aliwasimamisha, akataka kujua mzee ana nini. Mzee alimtazama, akamwambia: “Simama wima, mwanangu. Hiyo bunduki inakuvuta bega.” Walipitishwa.

Alasiri walifika kwenye daraja la magogo. Kanuni ya marehemu mwenyewe ilisema kwamba juu ya magogo abiria anafunga mdomo, kwa hiyo aliponyamaza hakuna aliyeshtuka. Katikati ya daraja Alimasi alihisi kifua alichokikumbatia kikitulia, na hakikuinuka tena. Chini kulikuwa na maji mekundu na mti uliobebwa na mvua. Alimasi aliuma mdomo. Akasubiri mpaka gurudumu la nyuma likagusa udongo.

Dieudonnée aliendelea kidogo. Alikuwa akingoja. Halafu, kwa kusudi, alilegeza mabega, akainama kama gunia, akalitazama shimo lililokuwa mbele kwa macho mawili. Hakuna aliyemwambia kitu. Alisimamisha pikipiki polepole, breki ya nyuma kwanza, halafu ya mbele, mguu chini, namna alivyofundishwa.

“Dieudonnée,” Alimasi alianza.

“Najua,” alisema. Mikono yake ilibaki kwenye usukani, uzito wa baba yake wote mgongoni. Kisha akasema: “Tumufunge muzuri. Barabara ingali mubaya.”

Papa Sylvestre Bulaimu alifariki saa tisa alasiri, kati ya ukingo na ukingo. Aliingia Kasongo saa kumi na mbili, amekaa wima. Watu wa kando ya barabara walimsalimu, wakashangaa kwamba haitikii.

Ameacha mjane, Mama Régina, mabinti wawili, Dieudonnée na Sarah-Grâce, mjukuu, Junior, mdogo wake, Alimasi, na gogo moja la muvule ambalo familia haijakubaliana lifanywe nini. Jana, tandiko lilipowekwa juu ya jeneza, liligeuzwa. Chini yake majina ni thelathini na tisa. La kwanza, lililochomwa kwa kina kuliko mengine yote, ni la Yves, ambaye hakuwahi kukaa juu ya gogo hata siku moja. Wenye majina thelathini na nane yaliyobaki wamesimama hapa, kila mmoja kwa miguu yake. Neno alilomwambia mke wake amelitimiza, na kwa njia ile ile aliyomtabiria mke wake.

Udongo wa Kasongo umlalie mwepesi, na mahali alipokwenda akute angalau farasi mmoja.

Januari iliyopita wanafunzi wote walimfanyia sherehe nyumbani. Hamadi alisimama juu ya gogo na hotuba ya kurasa tatu, akaimaliza kwa kutangaza mbele ya mji mzima: “Mwalimu, mwaka wa kumi na moja huu, na sisi wote tuko wazima!” Makofi yalipigwa, pikipiki zikanguruma, mama wakapiga vigelegele. Marehemu alingoja kelele ziishe. Akatazama mstari wa pikipiki uliokuwa umeelekea barabarani, kama mlivyoziegesha leo.

“Asante,” alisema. “Lakini bado hamujafika nyumbani.”