Kibao cha Zulekha

Basi la mwendokasi lilipoondoka Gerezani, Zulekha aliegemeza magongo yake dirishani, na Fortunata wa kikundi cha misaada, aliyeketi ubavuni mwake, akaanza tena. "Mama, kile kibao chako cha 'Kiwete Fundi Nguo' tukibadilishe. Tuandike 'Fundi Mwenye Mahitaji Maalumu', ndipo wakubwa watoe cherehani." Zulekha akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Mahitaji yangu maalumu ni yapi, mwanangu? Nahitaji uzi na wateja, kama mafundi wote wa Kariakoo."

"Lakini kiwete ni tusi, mama."

"Nimetukanwa hivyo tangu utotoni, mpaka neno nikalichukua likawa langu. Kibao nimekiandika kwa mkono wangu. Leo mnakuja ninyi msiojua gongo linavyochubua kwapa, mnanichagulia jingine, na bado nishukuru?"

Fortunata akasema wao wanampenda. Zulekha akatazama nje. Mapenzi hayo aliyajua, hayajawahi kumuuliza kitu.

Basi likasimama Msimbazi. Kabla Zulekha hajashika gongo, Fortunata alishamdaka mkono na kupaza sauti hadi mlangoni: "Jamani, mpisheni mgonjwa ashuke."