Gari la Nyuma Halimpiti Mtu: Maisha ya Marselino Luhende Masunga (1974–2025)

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika Mhunze leo, wengine kwa baiskeli tangu alfajiri, asanteni. Tunayemzika ni Marselino Luhende Masunga. Majirani mlimwita Baba Davis. Mliopanda baiskeli naye mlimwita Gari la Nyuma.

Marehemu alizaliwa tarehe 7 Machi 1974, kijiji cha jirani hapa hapa Kishapu, mtoto wa kwanza wa mzee Luhende Masunga na mama Euphrasia, ambao wote wametangulia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1983 hadi 1989, na mwaka wa mwisho alichapwa karibu kila wiki kwa kuchelewa. Siku moja mwalimu mkuu akamuuliza, "Masunga, kwenu ni mbali kuliko kwa wenzako?" Akajibu, "Hapana, mwalimu. Ila watoto wa darasa la kwanza wana miguu mifupi." Alikuwa akitembea nyuma yao asipotee hata mmoja, na mmoja wao alikuwa mdogo wake, Eustace. Mwalimu alicheka, kisha akamchapa viwili badala ya vinne.

Mwaka 1992 alikwenda Rwamgasa, Geita, kuchimba dhahabu. Alikaa huko miaka kumi na moja, mingi akiwa kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na kitambaa tu mdomoni. Alirudi mwaka 2003 na kikohozi, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na soko kuu la Shinyanga.

Tarehe 18 Septemba 1999 alifunga ndoa kanisani Kishapu na Paskazia, wakajaliwa watoto wawili, Davis na Martina. Hata na mkewe alitembea nyuma. Wauza nyanya walikuwa wakimtania mama, "Shemeji, huyo ni mume au mlinzi?" Naye anajibu, "Ni mume. Mlinzi angedai mshahara."

Ulipoanza msafara wa baiskeli wa kuchangia wodi ya watoto njiti, mwaka 2016, siku tatu kutoka Shinyanga hadi Geita, hakutafutwa dereva mwingine wa gari la huduma. Pikapu yake kuukuu ilibeba mipira ya akiba, pampu, maji, dawa za vidonda na ndoo ya uji wa karanga. Asubuhi alipita akiwaamsha watu kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka! Mwangaluka! Makalio yameamkaje?" Sheria yake ilikuwa moja: gari la nyuma halimpiti mtu. Anayechoka, gari linatambaa nyuma yake, taa zinawaka, hadi afike.

Yanayofuata, marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe.

Jumamosi tarehe 14 Agosti 2021 msafara ulitoka Kahama kwenda Runzewe ukiwa na waendesha baiskeli kumi na tisa, Eustace akiwemo. Kabla ya Masumbwe, Ghati Marwa, muuguzi wa miaka ishirini na sita, aliingia kwenye mji wa watu kuomba choo. Baiskeli akailaza nyuma ya ua. Marselino akampita bila kumwona.

Masumbwe walisimama kunywa uji. Marehemu hakuwa na desturi ya kuhesabu watu, alihesabu vikombe. Alibeba vikombe kumi na tisa, kila mtu kimoja, na ukimaliza unakitumbukiza kwenye beseni. Siku hiyo beseni lilikuwa na vikombe kumi na tisa. Akasema, "Wote wamekunywa, twende." Msafara ukaondoka.

Ghati aliporudi barabarani alikuta tairi halina upepo. Mwenye mji alimwambia apumzike kivulini, naye akajibu, "Gari letu liko nyuma, litanikuta tu." Akaanza kuikokota baiskeli ukingoni mwa lami, bila wasiwasi wowote. Lori lilimgonga saa nne na nusu. Hakufika hospitalini.

Wiki ile ile Marselino alikwenda Tarime kwa mama yake Ghati, Bhoke. Eustace alimsindikiza.

"Shikamoo, mama," alisema. Mama Ghati hakuitikia.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ni mimi, mama."

"Hukuwahesabu?"

"Nilihesabu vikombe."

"Mwanangu si kikombe."

Tangu hapo maneno yakawa mengi Shinyanga. Wapo waliosema alikuwa amelewa, naye hakuonja pombe maisha yake yote. Kibandani wateja walipungua. Hakumjibu mtu. Misafara iliyofuata aliacha vikombe, akaita majina, kila mtu aitike "Nipo." La mwisho aliita la Ghati, akanyamaza kidogo, ndipo akawasha gari. Na kila Agosti alirudi Tarime kutoa shikamoo yake. Agosti 2024, akiwa tayari anapumzika kila hatua kumi, Mama Ghati aliitikia, "Marahaba."

Mwaka huo huo madaktari walisema mapafu yake yameliwa na vumbi la mawe. Miezi ya mwisho aliishi kwa mtungi wa oksijeni, akilala ameketi, na hakuweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tano asubuhi, hospitalini Shinyanga, akiwa na miaka hamsini na moja.

Wiki mbili kabla, mdogo wake alimwinamia kitandani. "Kaka, kile kikombe..."

"Najua. Uji wa karanga... huwa huuachi."

"Mbona hukusema?"

"Kuhesabu ilikuwa kazi yangu. Usiniambie mimi. Kamwambie mama yake Ghati."

Basi iandikwe na isomwe: Masumbwe palibaki kikombe kimoja kisafi, cha Ghati. Aliyekichukua akanywa uji mara ya pili ni Eustace Luhende Masunga, anayesoma wasifu huu. Alikaa Tarime pembeni ya kaka yake akanyamaza, na ameendelea kunyamaza miaka minne huku kaka yake akiitwa mlevi. Mama Ghati alifika hapa juzi. Eustace alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kwa kuwa mama alikuwa hajayasikia haya.

Marehemu ameacha wafuatao. Kama alivyozoea, kila atakayetajwa aitike.

Paskazia, mjane.

Davis. Martina.

Eustace, mdogo wake. Nipo.

Mama Ghati naye yupo, lakini familia hii haina haki ya kumwomba aitike.

Jina la mwisho ni Ghati Marwa. Tunyamaze kidogo, kama alivyonyamaza yeye, ndipo tunyanyue jeneza.

Marselino apumzike kwa amani, na lawama ile asizikwe nayo.