Matawi ya Barabarani Jikoni Kwangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, pamoja na ninyi wa viti vya nyuma ambao tayari mnacheka. Nianze na upumbavu wangu, msije mkasema nimeuficha katikati ya Zaburi: niliiba matawi barabarani nikawalisha simbiliki wangu.

Mnanijua. Mimi ndiye yule fundi wa nguo wa hapa Mabanga ambaye cherehani yake iko hatua nne kutoka kitandani. Bibi yangu wa ndoa, Mama Neema, ndiye anayetoka kwenda sokoni. Mimi napanda pikipiki mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili nafumba macho. Nafuga simbiliki jikoni, wale wanyama wadogo wasio na mkia, wanaopiga kelele ukishika majani tu. Kwenda mbali kuwatafutia majani ni kazi inayonichosha hata kabla sijaianza.

Siku ile mchana, kamio moja, lori la kubeba mbao, iliharibika kwenye kona iliyo juu ya nyumba yangu. Desturi yetu mnaijua. Kamio ikifia njiani, wasaidizi wa dereva wanakata matawi mabichi na kuyatandaza barabarani, mbali kidogo, ili anayekuja ajue kwamba mbele kuna hatari. Kisha wanasukuma mawe chini ya matairi. Taa hakuna, kibao hakuna. Tawi ndilo polisi wetu.

Dereva na watu wake wakaenda kutafuta fundi. Mvua ikaanza. Mimi nikachungulia, nikakumbuka majani yale mazuri yamelala bure upande wa pili wa kona. Nikajiambia: kamio yenyewe ni kubwa kama kanisa, nani asiyeiona? Nikajifunika mfuko wa plastiki kichwani, mimi nisiyetembea nikatembea, nikayakusanya yote. Simbiliki walifanya sikukuu.

Haikupita saa moja. Pikipiki iliteremka kwenye mvua, haikukuta onyo lolote, ikaiona kamio ikiwa imeshafika. Ikakwepa, ikateleza, ikaangukia mawe. Motari, yaani mwendesha pikipiki, alichubuka tu. Abiria wake alikuwa Mama Neema, anarudi nyumbani kunipikia. Kaske yake, ile kofia ngumu ya pikipiki, ilikuwa inaning'inia kwenye usukani, maana mama zetu hawataki kuharibu misuko na motari zetu hawapendi kubishana na mama. Mguu wake ulivunjika mahali pawili.

Watu wa kanisa walifika hospitali, kila mmoja na neno lake. Huyu anasema ni mapenzi ya Mungu. Yule anasema kona ile ina pepo anayetaka damu, maana tulikwisha kuzika watu wawili kutoka palepale. Tukatangaza siku tatu za kufunga na kukemea. Ndugu zangu, nilifunga. Nilikemea kuliko ninyi wote, sauti ikakauka. Na muda huo wote pepo wetu alikuwa jikoni kwangu anatafunwa polepole, vikabaki vijiti.

Tena vijana wa avenue yetu, huu mtaa wetu, waliapa kwamba dereva akirudi kuchukua kamio yake, watampiga mpaka asahau njia ya kwao. Nilisikia. Nikaendelea kushona.

Siku ya tatu nilimpelekea Mama Neema uji. Akautazama mguu wenye plasta, akaniambia, "Papa Neema, sikuona tawi hata moja. Hawa watu wa kamio hawana roho?"

Hapo ndipo Bwana alinikamata shingo. Nikasema, "Waliyaweka. Ni mimi niliyaondoa."

"Ya kufanya nini?"

"Ya simbiliki."

Akaonja uji, akaweka kijiko chini. Kisha akasema, "Enda uwaambie wale vijana, kabla hawajaua mutoto wa watu. Na uji yako haina sukari."

Nikaenda, nikasimama hapa hapa mbele yenu. Wengine mlicheka, wengine mlitaka kunipiga mimi badala ya dereva. Mlikuwa na haki. Lakini siku ile nilifunguliwa, na nilipofunguliwa nilipandwa na hasira ambayo haijanitoka mpaka leo.

Nina hasira na mdomo wangu ulioitikia amina juu ya uongo. Nina hasira na sisi tunaoosha damu barabarani, tunaimba, tunazika, na kona tunaiacha vilevile. Nina hasira na wanaotoza ushuru kwenye kila kizuizi: kamio wanaiona hata kwenye ukungu, ila shimo na kona kali hawajawahi kuviona. Mungu gani anapenda watoto wake wasagwe na matairi? Msimsingizie.

Dereva alikuja, muzee mmoja wa Butembo, kofia mkononi. Akasema, "Mimi pia nina kosa. Kamio ikipona tunaenda, mawe tunaiacha kwa njia." Mkubwa wa motari akakubali kwamba kaske wanazibeba kama mapambo. Wasukumaji wa chukudu, zile baiskeli za mbao, wakasema wanateremka na mizigo huku breki yao ni kiatu. Muuguzi aliyemtunza Mama Neema alituambia wazi kwamba hajawahi kumfunga pepo plasta. Shefu wa avenue alikuja, na imamu wa msikiti wa juu alikuja na watu wake. Tulikaa kwenye benchi hizi hizi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtupia mwenzake lawama.

Leo mapipa mawili yenye rangi nyekundu na nyeupe yanakaa mlangoni kwangu. Kamio ikiharibika wanayachukua, wakimaliza wanayarudisha na mawe wanayaondoa. Motari hawaondoki kabla kaske haijaingia kichwani. Mimi nashona vitambaa vya kufunika misuko, bure. Mama wa kanisa na mama wa msikiti wanapokezana kuvusha wanafunzi. Redioni nasikia mataifa yanakutana kuzungumza habari za vifo vya barabarani. Wazungumze, wasaidie, na kona yetu waifikie. Sisi hatukuwangoja.

Tangu siku ile hatujamzika mtu kutoka pale. Namshukuru Mungu aliyemuacha hai bibi yangu, na wewe unayeficha tawi lako jikoni nakusihi umwamini Yeye, useme, kisha Jumamosi uje na sepeto tuzibe mashimo.

Ushuhuda huu nilimsomea kwanza jirani yangu Mama Kavira, muuza maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua, kisha akaniambia:

"Andika na hii: muguu ya bibi yako haijanyooka mpaka leo. Watu wasizani pardon inanyoosha mifupa."