Eleuterio Huillca, Mwenye Nyumbu Aliyeacha Kusema "Hapo Tu"

Marehemu Eleuterio Huillca Ccoyo, ambaye wengi wenu mlimwita Don Karu hata mkasahau jina lake la ubatizo, alizaliwa tarehe 20 Februari 1949 hapa Wayrapata, mtoto wa tatu wa mzee Dámaso Huillca na mama Paulina Ccoyo. Padri alitazama kalenda ya watakatifu, akakuta siku hiyo ni ya Eleuterio, basi likawa hilo. Bibi yetu Paulina alikuwa na jina jingine moyoni, lakini nani angembishia padri.

Alisoma shule ya hapa hapa kuanzia mwaka 1957 na akaishia darasa la tatu, kwa kuwa la nne halikuwepo. Kihispania alichotoka nacho shuleni kilitosha kuombea radhi na kuuzia viazi. Kilichobaki alikiokota njiani, nyuma ya nyumbu wa mizigo wa baba yake, wakishusha viazi vikavu hadi mabonde ya joto na kurudi na mahindi na majani ya koka.

Tarehe 14 Januari 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Felícitas Sutta, wa ng'ambo ya mto. Walikutana sikukuu ya mavuno. Mama alimuuliza kwake ni wapi, naye akajibu, "Hapo tu." Mama alitembea tangu chai ya asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi zizini, viatu vya sikukuu mkononi. Mpaka leo husema, "Mtalii wa kwanza kudanganywa na huyu mtu ni mimi."

Neno hilo halikuwa lake peke yake. Sisi watu wa milimani, aliyechoka akituuliza kama ni mbali, tunamwambia hapo tu. Hatumdanganyi, tunamtia moyo. Mwenyeji akilisikia anajikaza. Mgeni husadiki.

Mwaka 1993, nchi ilipotulia, walianza kuja vijana wenye mabegi mgongoni wakitaka kwenda kwa miguu hadi bonde la Pumawayqo, safari ya kulala njiani mara tatu, kwa raha zao tu. Marehemu hakuielewa raha hiyo mpaka anakufa, ila aliiheshimu. Yeye na mdogo wake, ba'mdogo Nicanor, walibeba mahema na vyakula kwa nyumbu. Mbele alikwenda Paloma, farasi jike mzee mwenye kengele shingoni, maana nyumbu hufuata kengele, hawafuati mtu.

Agosti 1998 waliwapeleka wanafunzi wanne kutoka Arequipa. Kati yao alikuwa Rosaura Pinto, msichana aliyesomea uuguzi, mwepesi wa miguu na mkaidi. Siku ya kuvuka pengo la Yanaqaqa, pale njia inapopita juu kati ya vilele, jua liliwaka. Wakati wa chakula alivua koti lake zito akalifunga juu ya nyumbu.

"Don Eleuterio, kambi ni mbali?"

"Hapo tu, mama."

"Basi mtanikuta nimeshachemsha maji!"

Akatangulia na shati jepesi, wenzake wakimcheka. Hapo tu ya baba ilikuwa mwendo wa mchana mzima.

Msafara ulipofika pengoni, wingu lilikuwa limeshakaa na theluji inaanguka. Baada ya pengo njia hugawanyika: kushoto inateremka bondeni, kulia inakwenda kwenye majabali na kuishia hewani. Nyayo za Rosaura zilikwenda kulia, na zilikuwa zinafutika wakizitazama.

Marehemu alianza kufungua kengele ya Paloma.

"Kaka, una wazimu?" ba'mdogo alimshika mkono. "Ukiondoka na kengele, nyumbu hawateremki. Hawa watatu watalala nje bila hema. Unataka kutuua wanne kwa ajili ya mmoja?"

"Piga sufuria."

"Sufuria?"

"Wewe mpishi, Nicanor. Piga sufuria, imba, fanya unavyojua, lakini wafikishe chini. Atanisikiaje katika ukungu huu bila kengele?"

"Na wewe ukipotea, nimwambie nini shemeji?"

Baba alikuwa ameshageuka na kengele yake. Ba'mdogo alishika mfuniko akaupiga kwa mwiko huku analia na kutukana. Nyumbu walisimama wakashangaa, mmoja akageuka kumfuata baba. Ba'mdogo akamvuta Paloma kwa nguvu zote, na mwishowe yule farasi mzee akakubali kuteremka, wenzake wakamfuata.

Baba alikwenda kulia akipiga kengele. Baada ya muda akasikia sauti ya msichana ikiita, akafurahi. Akapiga zaidi. Sauti ikaitika tena, lakini sasa ikitokea upande wa korongo, na hapo ndipo alipoelewa. Majabali yalikuwa yanarudisha mlio wa kengele, na Rosaura alikuwa anaufuata mwangwi kuelekea ukingoni. Baba alisokomeza kofia ndani ya kengele ikanyamaza, akapaza sauti mpaka ikakauka.

"Keti! Keti chini ulipo! Usinifuate! Mimi ndiye ninayekuja!"

Alimkuta ameketi, miguu yake hatua chache kutoka mahali ambapo hakuna tena ardhi. Kulipopambazuka ba'mdogo aliwaona wakiteremka wameshikana, kengele ikilia taratibu. Rosaura alipoteza vidole viwili vya mguu kwa baridi. Kijiji kizima kikasema Eleuterio anaijua Yanaqaqa hata akiwa amefumba macho.

Baba yake Rosaura alikuja mpaka kwenye mkutano wa kijiji, akauliza nani alimwacha binti yake atangulie bila koti. Ba'mdogo alimminya baba yetu ubavuni: "Sema ni ukungu, kaka. Kila mtu ataelewa." Baba akasimama, kofia mkononi. "Ukungu ulikuja baadaye," alisema. "Kilichotangulia ni neno langu."

Tangu siku hiyo hakulisema tena. Aliyemuuliza alijibiwa "karu", yaani mbali, na ndipo alipopata jina.

"Don Karu, bado mbali?"

"Mbali."

"Mbali sana?"

"Mbali mpaka utanichukia."

Wapo waliokaa chini wakalia, na wapo waliohamia kwa wenye nyumbu wenye maneno matamu. Nyumbani tulimlaumu, tena sana. Lakini katika misafara yake hakuna tena aliyetembea bila koti lake.

Machi 2022 alianza kuishiwa pumzi hata kwa kupanda ngazi ya kanisa. Alilazwa Cusco, wakasema moyo umepanuka. Daktari kijana alimpapasa bega, "Karibu utarudi kwa nyumbu wako, babu." Baba alinigeukia akacheka kwa shida: "Huyu kijana ni mimi wa zamani." Tulimrudisha nyumbani. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, asubuhi, kaka yangu Froilán akiwa uani anafunga mizigo. Alikuwa na miaka sabini na minne. Inauma, na sitasema haiumi.

Jana, tulipokuwa tumekaa na marehemu, aliingia mwanamke mwenye kuchechemea kidogo. Ni Rosaura, sasa muuguzi mjini Abancay. Alikuwa amekuja kwa miguu, kwa njia ile ile ya pengoni. Alisikia ba'mdogo akisimulia jinsi kaka yake alivyoijua njia, akaweka chini kikombe chake.

"Hakuijua," alisema. "Nisameheni. Aliniambia, 'Mwanangu, hapa hata mimi nimepotea. Tukitembea tutaanguka. Tuketi.' Alinivika poncho yake, akabaki na sweta. Baadaye akasema anasikia joto, akaanza kuvua viatu. Nilikuwa nimesoma maana yake: baridi ikikaribia kuua, mtu huhisi joto. Nilimzaba kofi. Nilimzaba tena! Nikamwambia ataje watoto wake, asilale. Akataja Wilber, Yanet, Froilán. Akasema, 'Basi, wameisha.' Macho yanajifumba. Nikamtikisa: 'Hawajaisha! Taja mwingine!' Akaniambia hakuna mwingine. Nikamwambia, 'Yupo, mtafute.' Tukabishana hivyo mpaka kukacha."

Mama alijifunika uso kwa shali. Ba'mdogo alisema, "Miaka yote hii, kaka, hukuniambia."

Marehemu ameacha mjane, Felícitas Sutta, mdogo wake, Nicanor, wajukuu sita, Rosaura Pinto, ambaye kuanzia leo anakaa upande wa familia, na asiyetaka aje aniambie mimi, na watoto wanne: Wilber, Yanet, Froilán, na mimi Nieves, yaani theluji kwa Kihispania, ninayewasomea, niliyezaliwa mwaka uliofuata usiku ule.

Udongo wa Wayrapata umpokee kwa upole, na apumzike kwa amani baba yetu.