Kila Mgonjwa na Mwili Wake

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu, wajumbe wa bodi, wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wagonjwa mliokalishwa nyuma kabisa ingawa shughuli ni yenu:

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba kiti cha tatu, mstari wa mbele, kimevunjika mguu. Kimevunjika chini ya mjumbe wa bodi, mwembamba kama ufito. Nalisema mapema, maana kingemvunjikia mmoja wa hawa wa nyuma, saa hizi tungekuwa tunapewa semina.

Mimi ni kinyozi. Nimeombwa niseme kwa niaba ya familia za wagonjwa wa uzito, nikaambiwa nilisifie jengo. Nalisifia. Vigae vinang'aa. Na juu ya mlango mmeandika: "Tiba ya uzito kwa kila mgonjwa kivyake." Mnajua maneno hayo ni ya nani?

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, na ana pumu. Alipoanza kunenepa, kila mtu akawa daktari. Shemeji akatia kufuli kabati la chakula. Wateja nao: "Fundi, kitambaa changu kimebaki, au umejishonea gauni?" Alipokuja hapa, akawekwa benchi moja na umati, wakahubiriwa wote kwa pamoja: acheni sukari, tembeeni. Pembeni yake alikaa mzee mwenye mguu mmoja. Akanyoosha mkono, akamuuliza muuguzi aliyekuwa akihubiri: "Binti yangu, mimi nitembee na upi?"

Kisha akaja daktari tuliyempa jina la Mama Kwanini. Yeye hakuanza na mizani. Alimuuliza dada, "Unatumia dawa gani?"

Dada akasema, "Daktari, mimi nimekuja kugombezwa, si kuhojiwa."

"Kugombezwa umeshagombezwa vya kutosha, mama. Nionyeshe dawa."

Kumbe ni vidonge vya pumu! Alipewa papa hapa, vya siku chache, akavimeza miaka miwili kwa kuwa hakuna aliyemwambia basi. Ndivyo vilivyomvimbisha uso na kumtia njaa isiyoshiba, huku sisi tukimwita mlafi. Mama Kwanini hakuvikatisha ghafla, maana kuvikatisha ghafla kunaweza kuua. Alianza kuvipunguza kidogo kidogo, akimpima na kumwandikia dozi mpya kila wiki, kazi ambayo hadi leo haijaisha, akampa dawa ya kuvuta, akampangia mlo wa mtu anayeshinda kwenye cherehani. Yule mzee naye akapangiwa mazoezi ya kukaa.

Sasa nauliza, na naomba mtu anijibu: kosa la daktari huyu ni nini? Ni kwamba alimsikiliza mgonjwa mmoja kwa muda ambao wenzake wanamaliza benchi zima? Wiki iliyopita mmemhamishia kituo cha mbali, eti kuongeza ufanisi. Maneno yake mmeyapandisha ukutani. Mwenyewe mmempandisha gari! Mimi nikimnyoa mteja kwa kupima kichwa cha jirani yake, atanilipa? Aibu hamwoni, waheshimiwa? Mnakata utepe wa mlango, na nyuma ya mlango mmeweka mizani mpya na kiti kitupu!

Namshukuru Mama Kwanini popote alipo, nawashukuru wauguzi waliolia alipoondoka, na ninyi nyote asanteni kwa kunipa masikio yenu.

Mheshimiwa, mkasi huo hapo. Dozi ya dada yangu imeandikwa mpaka Alhamisi. Ya Ijumaa hakuna aliyeiandika.