Marehemu Eliasi Makongoro na Gari Lililoitwa Bado

Baba Padri, wazee wa ukoo, wakwe zetu mliotoka Bukima, majirani wa Makoko, na ninyi nyote ambao viatu vyenu bado vina tope la bondeni, familia imemkabidhi Clementi karatasi hii aiandike na kuisoma, kwa kuwa ndiye ndugu pekee wa tumbo moja wa marehemu aliyebaki, naye ameomba ajitaje kwa jina kana kwamba anamtaja mtu mwingine, maana kwa njia nyingine sauti haitatoka.

Marehemu Eliasi Makongoro alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika boma hili hili, hapa Butiama, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Makongoro na mama Wankyo, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha akajifunza ufundi wa magari Musoma, na mwaka 1978 akaajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba huko Bunda, kwanza fundi, baadaye dereva, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini bila kupewa barua ya onyo hata moja, na katika miaka hiyo ndiye aliyemsomesha Clementi mpaka kidato cha nne.

Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na Marcelina, binti wa Bukima, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa Boke, ambaye leo mmemwona kwenye usukani.

Mama yetu alipofariki, tarehe 21 Aprili 2018, gari la kukodi lililomleta lilinasa bondeni hapo chini, jeneza likafungwa kamba kwenye mkokoteni wa ng'ombe, likafika nyumbani limeinama upande mmoja, na Eliasi, fundi wa magari ambaye hakuwa na gari, alitembea nyuma ya mkokoteni ule akilia kwa aibu, akaapa kwamba hakuna mtu mwingine wa nyumba hii atakayeingia kwao namna ile.

Ndiyo maana tarehe 8 Juni 2019 alinunua mnadani, Bunda, kwa bei ya kutupa, Land Rover kuukuu ya kuvuta magurudumu yote manne, ambayo kuku walikuwa wakitagia kwenye viti, akaliburuza hadi uani kwake Makoko, akaliweka juu ya matofali, akaanza kulifungua nati moja moja, na wengi wetu tulicheka, lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa Clementi, ambaye kila alipouliza kama gari limepona akajibiwa bado, akalibatiza jina hilo la Bado, likaenea mtaa mzima mpaka watoto wakawa wanaliimba, naye marehemu akawa anajibu bila hasira, "Gari haifagi, inasubiriga fundi."

Mwaka 2021 injini iliwaka, breki zikashika, ikabaki kurudishia propela ya mbele, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, ambalo marehemu alikuwa amelisafisha, akalipaka grisi na kulilaza ukutani, na Jumamosi tarehe 13 Novemba, yeye na mkewe wakiwa msibani Bukima, Clementi aliyeachiwa nyumba alisikia wanunuzi wa vyuma chakavu wakipita na mizani yao, akalitoa bomba lile likapimwa, likaenda, na alichopata akakimaliza kwa bia kabla jua halijatua.

Eliasi aliporudi alimuuliza mara moja tu, Clementi akasema lazima wameiba vijana wa mtaani, tena akafuatana naye siku mbili Bunda kutafuta propela nyingine gereji kwa gereji, akila nyama na kunywa soda za kaka yake, lakini ya urefu ule haikupatikana, na ile aliyoiunganisha marehemu mwenyewe kwa kuchomelea ilikatika siku ya kwanza, hivyo gari likabaki la kuvuta nyuma tu.

Mwezi Septemba 2024 marehemu aligundulika kuwa na tatizo la figo, akatibiwa Musoma, na kitandani aliomba jambo moja tu, kwamba apelekwe nyumbani kwa gari lake, Boke akiendesha, nao wapite bondeni kabla mvua haijanyesha, akafariki Jumatatu tarehe 7 Aprili 2025, mvua nayo ikaanza alfajiri ya leo.

Mlichokiona saa nne na nusu mnakijua, magurudumu ya nyuma yalichimba, ya mbele yakatulia kama mawe, wanaume kumi na sita wakalibeba jeneza mabegani hadi hapa, na mmoja akasema Bado imebaki bado, watu wakacheka kidogo, Clementi akiwa katikati yao.

Kikulacho ki nguoni mwako, na juzi, kwenye mkeka wa msiba kule Makoko, shemeji Marcelina alimweleza Clementi kwamba jirani yao Hyasinta aliona kila kitu na akamwambia marehemu jioni ile ile aliporudi kutoka Bukima, kwa hiyo Eliasi alipouliza alikuwa anajua, na kule Bunda alizunguka siku mbili na mwizi wake huku akijua, akamkataza mkewe asiseme, mdogo wake asije akaaibika mbele ya watoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Makoko, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na wale kumi na sita wa bondeni, ambao mzigo waliobeba haukustahili kuwa wao.

Clementi hana shukrani ya kutoa, ana aibu, nayo ameileta hapa mbele ya watoto wale wale.

Pumzika kwa amani, kaka, gari lako halikushindwa.